Kwanza maji yanakwenda wapi

Swali la wiki lilikuwa hili: njia nzuri ya baiskeli kwenye barabara za changarawe, zile zinazopanda na kushuka vilima na kukatiza mbuga na bustani kubwa za umma, inapimwa kwa kitu gani, na anayeanza apangiwe kilomita ngapi? Najua wengi watajibu mandhari, nami sina ugomvi na mandhari. Ila anayesukuma baiskeli kwenye tope haoni kilima, anaona viatu vyake. Ndiyo maana nikifungua ramani jambo la kwanza ninalolitafuta ni maji: mvua ikinyesha hapa, yanakwenda wapi?

John Loudon McAdam, yule Mskoti aliyebadilisha ujenzi wa barabara mwanzoni mwa karne ya 19, alishikilia mambo mawili. Mawe yavunjwevunjwe yawe madogo na yenye kona, yasizidi wakia 6 kwa uzito, yaani gramu 170 hivi. Na barabara iinuke juu ya ardhi inayoizunguka, iwe na mgongo kidogo katikati ili maji yamwagikie pembeni. Mwenye baiskeli hadi leo anategemea mambo hayohayo. Kokoto iliyovunjwa ikishindiliwa inashikana. Changarawe ya mtoni ni mviringo, kila punje inateleza juu ya mwenzake, na uishindilie utakavyo, gurudumu la mbele litayumba tu. Mgongo nao ukishalika, maji hayaendi tena pembeni. Yanafuata mteremko katikati ya barabara, na msimu mmoja wa mvua unatosha kuchimba mfereji wa kumeza gurudumu.

Kwa hiyo kwenye ramani natafuta njia zinazokaa juu, kwenye migongo ya vilima. Huko maji hayatoki popote kuja kwako, yanaondoka tu. Jua na upepo vinakausha upesi, na ukishapanda mara moja unaweza kukaa juu kwa muda mrefu huku mabonde yakiwa chini pande zote mbili. Barabara nyeupe za changarawe za Toscana nchini Italia, kusini mwa mji wa Siena, zinapendwa kwa sababu hiyo: nyingi zinafuata migongo ya vilima vya udongo wa mfinyanzi. Mwaka 1997 zilianzishiwa L'Eroica, safari ya baiskeli za zamani iliyolenga kuzinusuru zisifunikwe lami, na mwaka 2007 likafuata shindano la Strade Bianche. Unaona umbali mrefu, na ardhi iliyo chini ya magurudumu ni kavu.

Bondeni mambo hubadilika. Kila mahali njia inapovuka kijito naweka alama, kisha naangalia kama kuna daraja au kalavati. Picha za setilaiti husaidia: njia kavu huonekana kama uzi mweupe, na uzi ukigeuka kuwa mweusi au wa kijani karibu na kijito, hapo pana unyevu. OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni, nayo ina viwango vya ugumu wa njia za mashambani, kuanzia 1, iliyoshindiliwa ikawa ngumu, hadi 5, ambayo ni udongo laini mtupu. Mimi nakubali 1 hadi 3 kwa moyo mweupe, 4 wakati wa kiangazi, na 5 namwachia mwenye trekta. (Viwango hivyo huwekwa na watu wa kujitolea, kwa hiyo vya mmoja na vya mwingine havilingani sana. Vilinganishe na picha.)

Udongo wa mfinyanzi ukilowa hauna msamaha. Kule Kansas, Marekani, kwenye vilima vya Flint Hills, kuna shindano liitwalo Unbound Gravel, lililoanza mwaka 2006, ambalo mzunguko wake maarufu ni wa maili 200, karibu kilomita 320. Mwaka 2023 waendeshaji walikutana na tope zito mapema kabisa. Liliganda kwenye matairi, likajaa kati ya gurudumu na fremu, magurudumu yakakataa kuzunguka, na watu wenye mapafu ya kutisha wakabeba baiskeli begani. Vilima hivyohivyo vikikauka vina adha nyingine, mawe ya gumegume yanayochana tairi ubavuni. Njia moja inaweza kuwa mbili tofauti kabisa kutegemea mvua ya juzi, na anayekupa njia bila kukuambia aliipita msimu gani amekupa nusu ya habari.

Inama utazame kona moja ya mteremko. Magari yamechora mistari miwili myembamba, migumu, inayong'aa kidogo. Katikati ya mistari hiyo kuna tuta la kokoto huru, na nje ya kona kuna tuta kubwa zaidi, kwa sababu kila gari linalopita linarusha mawe upande huo. Ukiingia kwa kasi, baiskeli inasukumwa nje, palepale penye mawe mengi. Breki ni za kabla ya kona, wakati baiskeli ingali wima. Kwenye kona yenyewe achia breki, fuata mstari mgumu, tazama unakotaka kutokea. Macho yakibaki kwenye lile tuta, mikono itakupeleka hukohuko.

Kuna pia zile mbavu za barabarani, vituta vidogo vinavyofuatana vinavyotikisa meno. Hizo huletwa na mwendo wa magurudumu yenyewe. Mwaka 2007 wanafizikia walichapisha jaribio la kuburuta gurudumu mara nyingi juu ya mchanga mkavu, wakaona kwamba kasi ikivuka kiwango fulani mbavu hujitokeza zenyewe, hata gurudumu likiwa halina springi. Utazikuta nyingi pale magari yanapofunga breki au kukanyaga mafuta: kabla ya kona na mwanzoni mwa mlima. Tafuta ukingo wa barabara, mara nyingi kuna kijinjia laini cha upana wa kiganja. Usipokipata, inua makalio kidogo, legeza viwiko, na uziache zipite chini yako.

Kwenye mbuga na bustani za umma maji huwa yameshughulikiwa na watu wengine, na njia nyingi ni vumbi la mawe lililoshindiliwa. Ni tamu sana kuendesha, karibu kama lami. Tatizo la huko ni watu: watoto, mbwa, wazee wawili wanaotembea sambamba huku wakipiga soga. Kengele mapema, salamu, mwendo wa pole, basi. Na mvua ikiwa imenyesha, angalia alama ya tairi lako nyuma. Ikizama kiasi cha kuingiza kidole, geuza urudi. Mfereji unaouchimba leo utakauka vilevile, na wote watakaokuja watajikwaa humo. Mageti ya mashambani yaache ulivyoyakuta, yawe wazi au yamefungwa.

Kuhusu matairi sitasema mengi, maana mabishano yake hayaishi. Upana wa milimita 40 hadi 45 unatosha njia nyingi za aina hii, na kosa la kawaida ni kujaza upepo hadi tairi liwe gumu kama jiwe. Tairi lililolegezwa kidogo linalalia mawe na kushika, lililojaa sana linayarukia.

Kitu ambacho watu hawakipangi ni upande wa kuanzia. Mzunguko uleule ukiugeuza unapata safari nyingine. Kanuni yangu ni kupanda upande wenye mawe huru na kushuka upande ulioshindiliwa. Ukipanda penye mawe huru, la kuudhi ni kwamba gurudumu la nyuma litasota, na mbaya zaidi utashuka utembee. Kaa kwenye siti uzito ubaki nyuma, weka gia nyepesi kabla hujaihitaji, zungusha pedali bila kushtuka. Kushuka penye mawe huru ni hatari ya namna nyingine kabisa. Panapo upepo mkali, nauangalia pia: niende nao usoni nikiwa na nguvu, unisukume wakati wa kurudi.

Sasa kilomita. Kwenye vilima vya kupanda na kushuka, umbali hudanganya. Vilima 10 vya mita 40 kila kimoja ni mita 400 za kupanda, na hakuna hata kimoja utakachokiita mlima. Gawanya jumla ya mita za kupanda kwa kilomita: chini ya 10 kwa kilomita ni njia ya kupumua, 20 ni kazi. Kisha hesabu mistari ya kontua, ile ya ramani inayoonyesha mwinuko, mahali ilipobanana. Ikiwa kati ya mstari na mstari ni mita 10 za kupanda, mistari minne ndani ya mita 400 ni mteremko wa karibu asilimia 10, na kwenye changarawe hiyo si mchezo kwa anayeanza. Mgeni kabisa nampeleka kwanza kwenye njia ya reli iliyong'olewa, maana treni haipandi mlima mkali. Katy Trail ya Missouri, Marekani, kwa mfano, ina takriban maili 240 za vumbi la mawe ya chokaa, na sehemu kubwa ni tambarare.

Akishaizoea changarawe, nampangia kilomita 30 zenye umbo la namba 8, pale njia zinapokutana pawe karibu na alikoanzia. Akichoka baada ya duara la kwanza, ameshafika. Akiwa na hamu, la pili linamsubiri, na kabla hajaliingia atakuwa ameshajua udongo wa siku hiyo ukoje.