Kisiki hai

Dada yangu, pole sana. Unauliza ufufuko uko wapi, maana tangu mumzike mama unaimba nyimbo za Pasaka kanisani, ukirudi nyumbani huoni kitu. Sitakuambia ujikaze.

Wakulima wa Dodoma wana kilimo wanachokiita kisiki hai. Mti ulikatwa zamani, mbuzi wanakula kila kinachochipua, ukipita unaona kichaka tu. Kumbe mizizi chini haijafa. Mkulima huchagua machipukizi machache yenye nguvu, hupogoa mengine, huyafunga kitambaa ili wachungaji wa mbuzi wajue yanatunzwa. Hapandi mbegu. Misimu ikipita, ana kivuli.

Basi usitafute muujiza mkubwa, tafuta chipukizi: siku uliyopika mboga aliyoipenda mama na mkono haukutetemeka, jirani aliyekaa nawe kimya. Ukiliona, lilinde na mbuzi, yaani wale wanaokuharakisha usahau. Hata Mariamu Magdalena alimwona Yesu mfufuka akadhani ni mtunza bustani. Bado alikuwa analia.

Kesho jioni niandikie ulichokiona, hata kiwe kidogo namna gani. Nitasubiri.