CMD imegoma kufunguka kwenye Windows 7 Home

Mkuu, hiyo meseji kwamba cmd (lile dirisha jeusi la kuandikia amri) imefungwa na admini wakati admini ni wewe mwenyewe, mara nyingi ni kirusi cha flashi kilipita hapo, na hata ukishakisafisha na antivairasi kifungo chake kinabaki kwenye rejista (pale Windows inapotunza mipangilio yake). Walokwambia ufungue gpedit.msc (programu ya kupanga sera za Windows) wamekupoteza tu, toleo la Home halinaga hiyo kitu.

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika regedit, piga enta, alafu shuka HKEY_CURRENT_USER, Software, Policies, Microsoft, Windows, System. Upande wa kulia utaiona DisableCMD, ikiwa 1 imefunga vyote mpaka mafaili ya .bat (yale yenye amri za cmd), ikiwa 2 bat zinapita ila dirisha lenyewe ndo halikubali. Ifute au weka 0, jaribu cmd tena. Usiguse kingine humo ndani, sio pa kuchezea pale.

Regedit nayo ikikataa, tengeneza akaunti nyingine uingie nayo, kile kifungo kinakaa kwa yuza mmoja tu, so cmd ikifunguka huko ujue Windows yako haina shida.

Ila kama dirisha jeusi linatokea sekunde moja linapotea (kompyuta ya dogo langu ilifanya hivyo, nikahangaika siku nzima) hilo ni jambo lingine, andika cmd /d kwenye Run (kile kisanduku cha Windows na R), dirisha likikaa basi kuna kitu kimejichomeka kwenye AutoRun (amri inayojiendesha yenyewe kila cmd ikifunguka) ya Command Processor, hukohuko rejista chini ya Software, Microsoft.