Kabla ya Kuhamia Mtaa, Itazame Miti Yake

Kila ninapoombwa ushauri na mtu anayetafuta nyumba mjini, humwambia aende kuutazama mtaa saa saba mchana, jua likiwa la utosi, wala asisubiri jioni ambapo karibu kila mtaa hupendeza. Penye miti mikubwa kando ya njia atakuta wazee wamekaa, watoto wanacheza na majirani wamesimama wakizungumza. Penye kuta na lami tupu, kila mtu amejifungia ndani. Nimeishi katika mitaa ya aina zote mbili, na ninaamini kwa dhati kwamba ujirani hutegemea zaidi kivuli kuliko uzuri wa majengo.

Mwaka 2021 mtaalamu wa misitu ya mijini, Cecil Konijnendijk, alipendekeza kipimo ninachokitumia hadi leo: kutoka kila nyumba ionekane angalau miti 3, matawi ya miti yafunike asilimia 30 ya mtaa, na bustani ya karibu isiwe mbali zaidi ya mita 300. Mimi huyapa uzito zaidi masharti mawili ya mwanzo, kwa sababu bustani huwafaa wenye nafasi ya kwenda, lakini mti ulio mbele ya dirisha humfaa hata mgonjwa asiyetoka. Utafiti wa Roger Ulrich uliochapishwa mwaka 1984, kutoka hospitali moja ya Pennsylvania nchini Marekani, ulionyesha kwamba waliopasuliwa mfuko wa nyongo wakalazwa mahali pa kutazama miti waliruhusiwa mapema kuliko waliotazama ukuta wa matofali.

Ukishahamia, chunguza mahali shina linapoingia ardhini. Ikiwa saruji imemwagwa hadi kugusa gome, mti huo unakosa maji na hewa, kwani mizizi mingi inayofyonza maji iko karibu na uso wa udongo na huenea hata kupita upana wa matawi. Magari yakiegeshwa hapo kila siku, udongo hushindiliwa, matawi ya juu huanza kukauka, na watu hudhani kwamba mti umezeeka. Mtaani kwetu tulikubaliana kuvunja saruji ya namna hiyo, tukaacha duara la udongo na kulifunika kwa majani makavu bila kuyarundika kwenye shina, na ninawasihi wengine wafanye hivyo.

Mtu akitaka kukata mti mkubwa kwa ahadi ya kupanda miche kumi, mpingeni kwa adabu: mche huhitaji kumwagiliwa kwa miaka 2 au 3 ya mwanzo, kisha miaka mingi zaidi kabla haujafunika njia.

Kuhusu kiwanja cha wazi, nendeni kwenye ofisi ya mipango miji mkahakikishe kwamba kimeandikwa hivyo kwenye ramani, kisha ombeni nakala. Fanyeni hivyo mapema, kabla hayajazungushwa mabati ya ujenzi, kwa sababu msingi ukishachimbwa ni vigumu sana kumwondoa aliyekwisha kutumia fedha zake.