Maswali Yenu: Dawa za Kila Mwezi kwa Simu

Namwagizia mama dawa ya presha kwa aplikesheni ya famasi kila tarehe mosi, boksi moja. Karibu kila mwezi anakaa siku mbili tatu bila dawa. Tatizo ni bodaboda wao au ni mimi? – Zuhura, Tabata

Dada Zuhura, bodaboda muache kwanza, shika boksi usome idadi. Amlodipine na dawa nyingine nyingi za presha huja kwenye boksi la vidonge 30, yaani stripu tatu za kumi kumi, au boksi la 28, stripu mbili za 14. Kama la mama ni la 28 na anameza kimoja kwa siku, maboksi 12 ni vidonge 336, wakati mwaka una siku 365. Vinapungua 29, karibu mwezi mzima, na hizo ndizo siku zako mbili tatu. Aplikesheni huhesabu maboksi, haijui ndani mna vingapi.

Kwa hiyo achana na tarehe mosi. Hesabu vidonge vilivyobaki, na vikifika vya siku saba, agiza. Wiki hiyo si nyingi ukikumbuka kwamba mfamasia anapaswa kuhakiki cheti, dawa inaweza kuwa imeisha dukani, na Jumapili ikaangukia katikati. Penye sehemu ya maelezo andika "vidonge 30", usiandike "mwezi mmoja". Kama anatumia na metformin, dawa ya kisukari, mara mbili kwa siku, hiyo ni 60 kwa siku 30. Mwombe mfamasia akuongezee vichache vya ile inayowahi kuisha, ili zote ziishe siku moja na ulipe nauli ya bodaboda mara moja.

Wakikukatia stripu ili kutimiza idadi, tazama ncha. Tarehe ya kuisha muda na namba ya toleo mara nyingi hupigwa upande mmoja tu, na mkasi ukipita hapo unabaki na vidonge visivyo na tarehe. Rudisha, wakupe kipande chenye tarehe. Na mama akiruka siku, asifidie kwa kumeza viwili kwa pamoja.

Nimetuma picha ya cheti mara tatu, inakataliwa bila maelezo. – Msomaji, Mbagala

Kukataa bila kusema sababu ni huduma mbovu, na una haki ya kupiga simu uulize. Ila sababu zenyewe ni zilezile. Cheti kiwe mezani karibu na dirisha, flashi izimwe, pembe zote nne zionekane. Watu wengi hupiga majina ya dawa wakaacha juu penye jina na tarehe, au chini penye sahihi na muhuri. Jina la kwenye cheti likiwa la baba na akaunti ni yako, mwandikishe baba kama mgonjwa ndani ya akaunti hiyo.

Halafu soma alichoandika daktari. "Losartan 1x1", yaani kidonge kimoja cha dawa hiyo ya presha mara moja kwa siku, bila 50 mg au 100 mg haitoshi, kwa sababu mfamasia habahatishi nguvu ya dawa. Mwishoni utaona kitu kama 1/12 au 3/12: hiyo ni miezi, mmoja au mitatu. Cheti cha 3/12 kikishatoa dawa za miezi mitatu kimekwisha, hata picha yake ingekuwa safi namna gani. Rudi kliniki ukapimwe, uandikiwe kingine. Usiongeze chochote kwa kalamu yako.

Safari hii dawa imekuja na boksi la rangi nyingine na jina jingine. Ninywe? – Mzee wa Kigamboni

Shikamoo mzee. Usiangalie jina kubwa, tafuta lile la maandishi madogo chini yake, pamoja na miligramu. Vikilingana na cheti, ni dawa ileile ya kiwanda kingine. Visipolingana, piga simu famasi kabla ya kumeza. Hatari tunayoiogopa zaidi ni mgonjwa kumaliza la zamani huku ameshaanza jipya, akidhani ni dawa mbili. Weka moja tu mezani.

Insulini inafaa kuletwa na bodaboda na jua hili la Dar? – Mama Salma, Kinondoni

Inafaa, mama, ikiwa ndani ya kiboksi cha baridi. Chupa isiyofunguliwa hukaa nyuzi 2 hadi 8. Kiboksi kiwe na barafu, lakini barafu isigusane na chupa. Insulini ikiganda imeharibika, na kuyeyuka hakuirudishi. Agiza iletwe asubuhi na uipokee mwenyewe, isiachwe kwa mlinzi getini. Fungua kiboksi mbele ya dereva: insulini inayotakiwa kuwa angavu ikiwa na ukungu, au ile yenye rangi ya maziwa ikiwa na mabonge yaliyoganda ukutani mwa chupa, usiipokee. Kabla ya kulipa kwa simu, uliza kama wanarudisha hela kwa dawa iliyopata joto, maana wengine hawarudishi.

Kengele ya kunikumbusha dawa ililia wiki ya kwanza, sasa kimya. – Juma, Ubungo

Simu inaizima ili kuokoa chaji. Ingia mipangilio, kwenye betri, itafute aplikesheni hiyo na uiondolee kizuizi. Kisha hakikisha arifa zake zimeruhusiwa.