Aya Hiyo Imeshuka Juu ya Nani?

Juzi msomaji mmoja, kijana wa hapa Unguja, kaniandikia: "Dada, shikamoo. Baba amefariki, dada yangu mkubwa kakaa na nyumba, funguo hatoi. Nitumie aya yenye nguvu ya kudai haki yangu." Sikumjibu siku ile. Si kwamba sina aya. Ninazo, tena tele, na wengi wenu mnazo. Sote tunataka nyumba ya kwetu, watoto wasome skuli nzuri, tusiombe ombe kwa watu, na hakuna dhambi hapo. Shida ni pale tunapoingia kwenye Biblia kama tunaoingia sokoni Darajani: tunachagua kinachotufaa, kingine tunakiacha mezani.

Mie nimeshapigwa kwa aya, na palipopigwa bado panauma.

Baba yetu alituachia mikarafuu Wete, Pemba. Mtu wa bara huenda asijue uzito wa maneno hayo. Kwetu miti hurithiwa, na huhesabiwa mmoja mmoja. Karafuu huchumwa kabla ua halijafunguka. Jioni watu hukaa kuchambua, kutoa makonyo, mpaka vidole vinanuka karafuu hata ukila wali. Asubuhi zinaanikwa juani kwenye majamvi, na wingu likitanda tu kila mtu mbio, maana karafuu iliyoroa mvua haina bei. Fedha za karafuu ndizo zilizotusomesha, ndizo zilizoezeka bati nyumba yetu. Mama aliinama juu ya majamvi yale mpaka mgongo ukapinda.

Baada ya arobaini tukakaa barazani tugawane. Kaka yangu akafungua Biblia yake mpya, ile yenye zipu, akasoma Kumbukumbu la Torati 21:17, kwamba mzaliwa wa kwanza apewe mafungu mawili. Akafunga zipu. "Wa kwanza ndiye mimi," akasema. "Neno la Mungu halina mjadala." Shangazi akaitikia amina. Shangazi huitikia amina hata tangazo la redio.

Alikuwepo jirani yetu, mzee wa Kiislamu tunayemwita Maalim, ameitwa kwa kuwa anaijua mipaka ya shamba kuliko sisi wenyewe. Akauliza taratibu: "Mwanangu, aya hiyo imeshuka juu ya nani?"

Pakawa kimya. Kwa Maalim lilikuwa swali la kawaida, kwani waliosoma dini yao hufundishwa kutafuta aya imeshuka kwa sababu gani kabla ya kuitolea hukumu. Sisi tuliolelewa kanisani hakuna aliyekuwa na jawabu. Nikaichukua ile Biblia, nikafungua zipu, nikaanza mstari wa 15. Kumbe habari ni ya mtu mwenye wake wawili, mmoja anampenda na mwingine anamchukia, na mzaliwa wa kwanza ni wa yule anayechukiwa. Sheria inamkataza baba kumpora mtoto huyo ampe wa mke kipenzi. Imewekwa kumkinga anayeonewa. Baba yetu alikuwa na mke mmoja, naye alikuwa palepale mkekani, anasikiliza.

Kaka akasema najitia ushekhe. Miti akachukua, mafungu yake mawili na ziada juu. Mie nikapanda boti nikarudi Unguja. Tunasalimiana, tunazikana, lakini sijasahau, na sitajifanya nimesahau ili makala ipendeze.

Nilichokuja nacho ni swali la Maalim, na kwangu limekuwa na faida kuliko mikarafuu. Nalisema kwa majivuno kidogo, mtanisamehe.

Chukua Ayubu 8:7, ule mstari wa mwanzo mdogo na mwisho ulioongezeka sana. Umebandikwa milangoni mwa maduka, umechapwa kwenye kadi za harusi. Nani kausema? Bildadi Mshuhi, akimwambia mtu aliyetoka kuzika watoto wake kwamba watoto hao walistahili, na akitubu mali itarudi. Nenda sasa 42:7: Mungu anamkasirikia Elifazi na rafiki zake wawili, Bildadi akiwa mmojawapo, kwa kuwa hawakunena yaliyo sawa. Najua, Ayubu alirudishiwa mara mbili. Lakini hakurudishiwa kwa hoja ya Bildadi.

Au Yeremia 29:11, "mawazo ya amani wala si ya mabaya". Ni barua kwa waliohamishwa Babeli, na mstari wa 10 unataja miaka 70. Watu wazima waliosomewa barua ile wengi wao wangezikwa ugenini. Au Wafilipi 4:13, ambao vijana wetu huuombea viza na magari: Paulo aliandika akiwa kifungoni, na mstari wa 12 anasema amefundishwa kushiba na kuona njaa. Katika yale mambo yote anayoyaweza, njaa imo.

Sisi wa Zanzibar tusingepaswa kuambiwa haya na mtu. Kanisa la Mkunazini lilianza kujengwa 1873, mwaka uleule soko la watumwa lilipofungwa, tena juu ya uwanja wa soko hilo. Mbele ya madhabahu pana duara la marumaru nyeupe, mahali inapoelezwa palikuwa na mti wa kuwachapia watumwa. Askofu Edward Steere aliyelijenga ndiye aliyefanya kazi kubwa ya kutafsiri Maandiko kwa Kiswahili cha hapa. Huko Marekani, karne hiyohiyo, wenye watumwa waliwahubiria watumwa wao Waefeso 6:5, "Enyi watumwa, watiini", na hata Filemoni wakaitumia kutetea utumwa, ingawa mstari wa 16 unamwita mtumwa "ndugu mpendwa". Binadamu aligeuzwa mali, na mali ikatafutiwa aya. Ndugu zangu, tamaa haikosi mstari! Soma sura nzima. Uliza nani anasema, anamwambia nani, na hasa uliza ukiusoma hivyo nani atapata na nani atakosa.

Kijana wangu nimemjibu hivi: nyumba ipeleke mahakamani, na hati na mashahidi. Sisi Wakristo mirathi yetu haiendi kwa kadhi, inakwenda mahakama za kawaida. Dai haki yako bila haya, ila Biblia usiigeuze hati ya nyumba. Kisha soma Luka 12 tangu mstari wa 13, pale mtu anapomtaka Yesu amwambie ndugu yake amgawie urithi, na Yesu anakataa kuwa mgawanyi wao.

Halafu usisome peke yako. Tafuta mtu asiyekuwa na chochote cha kupata katika jambo lako. Mie nasoma na kina mama wawili wa mtaani, mmoja muuza maandazi, hanionei haya hata kidogo. Wiki iliyopita tulifika Hesabu 27, binti za Selofehadi wanadai urithi wa baba yao na Mungu anasema wamenena lililo haki. Nikachangamka. Nikaanza tena habari ya Wete, ya kaka, ya zipu. Mama maandazi akaniacha nimalize, akalamba kidole, akafunua kurasa kwenda mbele. "Mwanangu," akasema, "habari za mabinti hao zinarudi sura ya 36, na huko wamewekewa sharti. Umeisoma hiyo, au umeishia hapa?"