"Boycott" ni jina la mtu?

SWALI: Katika shule yetu hapa Kondele, mwanafunzi wa Kidato cha Tatu alidai kwamba kitenzi cha Kiingereza "boycott" kilitokana na jina la mtu, wenzake wakamcheka. Je, ni kweli? Na je, yafaa kukitafsiri "kugoma"? – Mwalimu, Kisumu

JIBU: Mwanafunzi wako amesema kweli, Mwalimu, na waliomcheka wamwombe radhi. Charles Cunningham Boycott alikuwa Mwingereza aliyesimamia mashamba ya Lord Erne katika jimbo la Mayo, Ayalandi. Mwaka 1880 wakulima waliokodi mashamba hayo walidai kodi ipunguzwe kwa asilimia 25, wakakubaliwa 10 tu, kisha wakaanza kuletewa ilani za kufurushwa. Septemba mwaka huo huo, mwanasiasa Charles Stewart Parnell alikuwa ameuhimiza umati mjini Ennis kwamba yeyote atakayetwaa shamba la mkulima aliyefurushwa atengwe njiani, dukani na hata kanisani. Wakazi wa Mayo walimgeuzia Boycott silaha hiyo: watumishi na vibarua wakaondoka, wenye maduka wakakataa kumuuzia, na mazao yake yakabaki shambani hadi wafanyakazi 50 walipoletwa kutoka kwingine, wakavuna wakilindwa na wanajeshi ambao gharama yao ilipita kwa mbali thamani ya mavuno yenyewe. Kabla ya mwaka kwisha, magazeti yalikuwa yakilitumia jina lake kama kitenzi.

Ama tafsiri ya "kugoma", haitoshi. Anayegoma huacha kazi au wajibu wake, kama wafanyavyo walimu na wauguzi wanapodai nyongeza ya mshahara, ilhali anayesusia hukataa kushiriki au kununua. Wakazi wa Kisumu waliokataa kushiriki uchaguzi wa marudio wa Oktoba 26, 2017 waliususia. Hatusemi kwamba waligoma.

Hata hivyo, "susia" nayo ina mtego wake, ambao huwanasa hata watangazaji wetu mara kwa mara. Tunasusia kikao, chakula au bidhaa, lakini akitajwa mtu, maana hugeuka: mama "aliyemsusia mumewe watoto" hakukataa kushirikiana naye tu, bali alimwachia watoto kwa hasira akaenda zake. Kwa sababu hiyo, Boycott mwenyewe hakususiwa bali alitengwa. Unapowapa wanafunzi sentensi za kutafsiri, waelekeze watazame kwanza kinachofuata kitenzi: kikiwa mkutano au bidhaa, waandike "susia", akiwa mtu, waandike "tenga".