Anza na Rekodi: Kwa Mnaoanza Ukutubi Nyanda za Juu Kusini

Wadogo zangu mnaoanza ukutubi mwaka huu, mlioko Mbeya na Iringa na ninyi mnaotoka Njombe, Makete na Rungwe kuja kujiunga, hofu mliyonayo naijua. Mtu amechagua kozi ya maktaba akitarajia vitabu, rafu na ukimya. Ratiba ikitoka anakuta hifadhidata, mitandao ya kompyuta na mifumo ya maktaba, naye ametoka sekondari ambako kompyuta zilifungiwa chumba kimoja na ufunguo anao mwalimu mmoja. Basi anaanza kuulizia utaratibu wa kuhama kozi.

Msihame. Nimepita darasani humo na nimepita fildi, nikaona wanaokwama ni akina nani. Wengi wao wanachapa haraka na simu zao wanazijua hadi ndani, lakini hawajui rekodi ya kitabu, yaani maelezo ya kitabu yanayoingizwa kwenye katalogi ili kipatikane, ni kitu gani. Na wapo waliogusa kompyuta kwa mara ya kwanza chuoni, leo wanategemewa na maktaba nzima, kwa kuwa walitulia wakaielewa rekodi kwanza. Programu ikitoka toleo jipya vitufe vinahama, na utavizoea tena. Rekodi uliyoiandika vibaya itakaa humo miaka na miaka ikimficha msomaji kitabu kilicho rafuni.

Mambo ya mwanzoni nayapitia haraka. Kama hujawahi kushika kipanya, tafuta steshenari mtaani kwenu, iwe Mwanjelwa, Soweto au Kihesa, uombe kusaidia kazi wakati wa likizo. Pale utajifunza kuchapa, kuhifadhi faili mahali utakapolipata tena, kufungua flashi ya mteja bila kueneza virusi, na kuzungumza vizuri na mtu mwenye haraka. Hilo la mwisho utalihitaji kila siku kwenye dawati la kuazimisha.

Sasa rekodi. Mtafundishwa MARC 21, muundo wa kuandikia rekodi za vitabu ili kompyuta izisome, na wengi wataikariri usiku wa kuamkia mtihani na kuisahau asubuhi yake. Muundo huu ulianzia Maktaba ya Bunge la Marekani katika miaka ya 1960. Aliyeongoza kazi ile, Henriette Avram, alitoka kwenye uandishi wa programu za kompyuta, na ilimbidi kukaa na wakutubi wakachambua rekodi za vitabu kipande kwa kipande kabla mashine haijaambiwa lolote. Huo ndio mpangilio ninaowasihi muufuate. Kila taarifa ya kitabu ina uga wake wenye namba: 020 ni ISBN (namba ya utambulisho inayochapwa kwenye kitabu), 082 ni namba ya Dewey (ya kupanga vitabu rafuni kwa mada), 100 ni mwandishi, 245 ni jina la kitabu, 264 ni mchapishaji na mwaka (kwenye rekodi za zamani mtaona 260), 300 ni kurasa na ukubwa, 650 ni mada. Anzeni na hizo saba. Chukua kitabu cha Kiswahili rafuni, kaa nacho, andika rekodi yake nzima kwa kalamu kwenye daftari, kisha mpe mwenzako aikosoe. Zoezi hili linafanyika hata umeme ukiwa umekatika, na huko kwetu mnajua maana yake.

Kuna mambo madogo ndani ya nyuga hizo ambayo vitabu vya kozi huyafundisha kwa mifano ya Kiingereza tu, na hapo ndipo tunapoumia. Uga wa 245 una tarakimu inayoiambia kompyuta iruke herufi ngapi mwanzoni inapopanga majina kialfabeti. Kwa Kiingereza, jina likianza na "The" unaweka 4, yaani herufi tatu na nafasi moja. Kiswahili hakina maneno ya namna hiyo, kwa hiyo tarakimu yetu ni 0 daima. Lakini mwanafunzi akiwa amezoea mfano wa kitabu cha kozi anaweka 4, na kitabu kinachoitwa "Kilimo cha Viazi" kinapangwa kana kwamba kinaanza na "mo cha Viazi". Kimehama kutoka K kwenda M, na hakuna ujumbe wowote wa kosa utakaotokea kwenye skrini. Ukikuta majina ya vitabu yamepangwa ovyo kwenye katalogi, angalia hapo kwanza.

Mfumo wa kompyuta wa kuendeshea maktaba ambao yaelekea sana mtakutana nao ni Koha. Ulitengenezwa New Zealand kwa ajili ya maktaba za Horowhenua, ambazo mfumo wao wa zamani usingeweza kuvuka mwaka 2000, ukaanza kutumika Januari 2000, na ukatolewa bure kwa yeyote. Chuo hakilipii leseni, ila kinahitaji seva, umeme wa uhakika na mtu anayeelewa. Mtu huyo anaweza kuwa wewe. Omba upewe akaunti kwenye mfumo wa majaribio, au wewe na wenzako mchangie bando muusakinishe kwenye laptopu moja yenye Linux. Mkiuharibu, mnaufuta na kuanza upya, na hamjamwathiri msomaji hata mmoja.

Nikitaka kumwonyesha mtu kwa nini kazi ya jina ni kubwa, huwa namtolea mfano wa Mtwa Mkwawa. Mwanafunzi wa historia pale Iringa anaandika "Mkwawa" kwenye katalogi. Anapata baadhi ya vitabu. Hapati vile ambavyo aliyeingiza rekodi aliandika "Mukwawa", wala "Mkwavinyika", wala vile vya Wajerumani vinavyomwita "Quawa". Mtu ni mmoja, yule aliyefariki mwaka 1898, ambaye fuvu lake lilitajwa kwenye Mkataba wa Versailles na likarudishwa mwaka 1954, likawekwa Kalenga. Kompyuta haijui hayo. Kwake hayo ni majina manne ya watu wanne. Mwenye kujua ni mkutubi, na Koha ina mahali pa kuiambia: unaunda rekodi ya jina, iliyo tofauti na rekodi ya kitabu, unaweka umbo mlilokubaliana kwenye uga 100, na maumbo mengine yote unayapanga kwenye nyuga za 400. Mfumo ukishapangwa hivyo, msomaji anayeandika "Quawa" anaelekezwa kwenye "Mkwawa". Hivyo hivyo Mwalimu Nyerere: kuna "Nyerere, J. K.", kuna "Nyerere, Julius", kuna "Nyerere, Julius Kambarage", na katika maktaba isiyo makini vyote vitatu vimo, kila kimoja na vitabu vyake.

Mahali nako kuna historia yake. Mkoa wa Njombe ulianzishwa mwaka 2012 ukitoka Iringa, na Songwe ukatoka Mbeya mwaka 2016. Kwa hiyo ripoti ya mwaka 1995 kuhusu mashamba ya Makete itakuwa imewekewa mada "Iringa", na ripoti ya Mbozi ya wakati huo itasema "Mbeya". Mtafiti anayetafuta "Njombe" leo hataiona. Usifute kilichoandikwa. Ongeza mada ya pili. Dakika moja ya kazi yako inaweza kumwokolea mtafiti safari nzima.

Kutafuta kwenyewe nako mtafundishwa kwa Kiingereza. Mtaambiwa weka nyota mwishoni mwa mzizi, kwamba "farm*" italeta farmer, farmers na farming. Ni kweli, kwa sababu Kiingereza hubadilika mwishoni. Kiswahili hubadilika mwanzoni zaidi: mkulima, wakulima, kilimo. Nyota ya mwishoni haikusaidii hapo, na mifumo mingi haikubali nyota mwanzoni. Msomaji akija dawatini akasema hakuna kitabu cha ufugaji, mwulize ameandika neno gani. Kama ni "mfugaji", mwonyeshe kuunganisha maneno kwa OR: mfugaji OR wafugaji OR ufugaji OR mifugo. Fundisheni hili wanafunzi wote wanaoingia maktaba, hata wale wa sayansi wanaodhani hawahitaji kufundishwa kutafuta. Mimi naliona kuwa jambo lenye faida ya haraka kuliko yote mnayoweza kumfanyia msomaji wa kwetu, na halihitaji hata shilingi moja.

Mtafurahi kujua kwamba si lazima kuandika kila rekodi kuanzia mwanzo. Koha inaweza kuchukua rekodi kutoka maktaba nyingine kwa njia iitwayo Z39.50. Maktaba ya Bunge la Marekani ina ofisi Nairobi tangu mwaka 1966 inayokusanya machapisho ya Afrika Mashariki, hivyo vitabu vingi vya Kiswahili vina rekodi tayari. Vuta rekodi, lakini usiipokee kama ilivyo. Mada zake zimeandikwa kwa Kiingereza. Kitabu cha kilimo cha mahindi kina mada "Corn", na mkulima wa Uyole au mwalimu wa Tukuyu hataandika "Corn". Hapo kuna uga 653, unaoruhusu maneno ya kutafutia yasiyotoka kwenye orodha rasmi. Weka "mahindi", weka "kilimo cha mahindi". Ripoti za viazi mviringo zilizotoka kituo cha utafiti cha Uyole nazo zinastahili neno "viazi" na jina la wilaya zilikofanyiwa utafiti, kwa sababu hivyo ndivyo watu watakavyoziulizia. Kama maktaba yenu haina mwongozo wa maneno ya Kiswahili, anzisheni orodha yenu, mkubaliane neno moja kwa jambo moja, muibandike ukutani mbele ya anayeingiza rekodi.

Tahadhari moja kuhusu majedwali ya Excel, maana maktaba nyingi huhamisha daftari la zamani la usajili kwenda Excel kabla ya kulipeleka Koha, na kazi hiyo hupewa mwanafunzi wa fildi. ISBN ina tarakimu 13. Excel ikiiona inadhani ni namba ya hesabu, inaifupisha kuwa 9.78E+12. ISBN za zamani zenye tarakimu 10 zikianza na sifuri, sifuri inapotea. Ukihifadhi faili kwa muundo wa CSV katika hali hiyo, tarakimu zilizopotea hazirudi, na itabidi mtu arudi rafuni kushika vitabu vyote. Kwa hiyo kabla hujaandika namba ya kwanza, chagua safu nzima uipange kuwa maandishi. Fanya hivyo pia kwa namba za usajili wa wanafunzi na namba za bakodi. Na jifunze kukagua ISBN ya tarakimu 13 mwenyewe: zidisha tarakimu kwa 1 na 3 kwa kupokezana kuanzia kushoto, jumlisha zote, na jumla lazima igawanyike kwa 10. Isipogawanyika, kuna tarakimu imekosewa. Fomula yake kwenye Excel haina ugumu, na itawagundulia makosa ambayo macho yaliyochoka hayayaoni.

Skana ya bakodi msiiogope. Kwa kompyuta, skana ni kibodi tu: inaandika namba na mara nyingi inabonyeza Enter yenyewe. Ndiyo maana ukiskani ukiwa katikati ya fomu, fomu inaweza kwenda kabla hujamaliza kuijaza. Ukitaka kujua kama tatizo ni skana au ni mfumo, fungua ukurasa mtupu wa kuandikia uskani hapo. Namba ikitokea sawasawa, skana ni nzima.

Kuhusu seva nitasema moja. Ukiuliza kama kuna nakala ya akiba ukaambiwa ipo, uliza imewahi kurudishwa lini. Nakala ambayo hakuna aliyejaribu kuirudisha haijulikani kama inafanya kazi. Na isikae kwenye seva ileile, wala jengo lilelile. Umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo unaweza kuua diski zote zilizochomekwa kwenye ukuta mmoja. Koha pia ina njia ya kuazimisha bila mtandao na kupeleka miamala baadaye. Jizoezeni siku ya kawaida, msisubiri siku ya msongamano wa mitihani.

Kuna jambo linalosahaulika sana kwenye mafunzo ya teknolojia, nalo nalithamini mno. Ukipewa akaunti ya mtumishi unaona nani ameazima nini. Mwenzako ameazima kitabu cha ugonjwa fulani, mwalimu ameazima cha masuala ya talaka. Hayo hayatoki hapo dawatini, hata kwa rafiki, hata kwa mzazi wa mtu. Tangu Mei 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyotungwa mwaka 2022, inatumika nchini, lakini hata kabla ya sheria hiyo mkutubi alikuwa na wajibu huo. Neno lako la siri ni lako peke yako. Ukiinuka kwenda kunywa chai, toka kwenye akaunti.

Mkifika fildi, ombeni ruhusa ya kukusanya maneno ambayo wasomaji wameandika kwenye katalogi wakakosa kitabu. Andikeni maneno yenyewe bila jina la mtu. Kisha pitieni rafu moja baada ya nyingine, muone kitabu kipo au hakipo. Kama hakipo, hayo ni mapendekezo ya manunuzi. Kama kipo, rekodi yake inahitaji uga 653, au rekodi ya jina inahitaji umbo jingine kwenye 400, na mnaweza kumwandalia mkutubi wenu orodha ya marekebisho, rekodi kwa rekodi, aipitie kabla hamjaondoka.